Desemba hii watoto wasiishie uani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na ndugu zangu wanaojiandaa kurudi Kilimanjaro kwa Krismasi, pamoja na sisi wenyeji tunaowapokea.

Kila mwaka, Desemba ikishafika katikati, barabara ya kutoka Dar es Salaam hujaa magari yanayokuja huku. Mbuzi wanachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, inapikwa, vikao vya ukoo vinakaa, harusi na kipaimara zinafuatana hadi watu wanachoka kubadili nguo. Hayo yote ni mema. Lakini mtoto aliyesafirishwa zaidi ya kilomita 500 anakaa uani kwa bibi wiki mbili, simu mkononi, kisha anarudi mjini hajaona hata poromoko moja la maji na hajui Mangi (chifu) Meli alikuwa nani. Wazazi wakiulizwa, majibu ni mawili: "kule ni kwa wazungu" na "kule ni ghali".

Majibu hayo yanatokana na ukosefu wa taarifa. Karibu kila kilichoandikwa kuhusu kutembea Moshi kimeandikwa kwa ajili ya mgeni anayefuatwa hotelini na gari, akalipa kwa dola, kwa mkupuo mmoja, usafiri, mwongozaji, chakula na kiingilio. Mama mwenye watoto watatu anayepanda daladala hajaandikiwa chochote. Ndiyo maana naomba gazeti lako litenge nusu ukurasa kila Jumamosi hadi Mwaka Mpya, lieleze sehemu moja kwa undani: gari linapandwa wapi, linashusha wapi, kiingilio cha mwenyeji ni kiasi gani wiki hiyo, kuna hatari gani, na gari la mwisho kurudi ni saa ngapi. Ninayoandika hapa chini ni mfano wa undani ninaousema.

Kwanza saa. Mlima huonekana alfajiri hadi kama saa tatu asubuhi, kisha mawingu hupanda kutoka msituni na kuufunika hadi karibu na magharibi. Mwanzoni mwa Desemba mvua za vuli mara nyingi hazijaisha, nazo upande wa mlimani hupenda kunyesha mchana. Kwa hiyo safari yoyote ya kupanda, iwe Uru, Kibosho, Old Moshi au Marangu, ianze saa moja asubuhi na watoto wawe wameshateremka saa nane. Anayetoka nyumbani saa tano baada ya chai ndefu atafika juu pamoja na ukungu, na njia ya kurudi itakuwa utelezi mtupu. Jumapili iachwe kabisa kwa upande wa mlimani. Magari ya asubuhi yanajaa waumini, vijana wa kuongoza wageni wako kanisani, na shughuli haziamki hadi karibu saa saba. Siku nzuri ni Jumanne hadi Alhamisi.

Kwa wenye watoto wadogo, pa kuanzia ni Msitu wa Rau. Uko kama kilomita tatu tu kutoka katikati ya Moshi, bodaboda au bajaji inafika upesi, na ardhi yake ni tambarare, hivyo hata bibi anatembea bila shida. Msitu huu unaishi kwa maji ya chini ya ardhi yanayotoka mlimani. Ndiyo sababu unabaki kijani hata miezi ambayo mitaa ya mjini ya Pasua na Njoro ni vumbi. Ndani kuna mvule mkubwa ambao watu wazima kadhaa wakishikana mikono ndipo wanauzunguka, kuna mti uitwao msoo ambao unapatikana sehemu chache sana duniani, na kuna mbega weusi wenye mikia myeupe ambao huonekana vizuri zaidi asubuhi wanapokula majani juu kabisa. Mtoto aelekezwe kusikiliza kwanza. Mbega hujulikana kwa kishindo cha matawi kabla hawajaonekana.

Msitu huo ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo utaratibu ni kupita ofisini, kulipa, kupata risiti na kupewa mtu wa kuongoza. Usiingie kienyeji kupitia njia za wakata majani. Vijia ni vingi, vinapishana, na jua likizibwa na miti mtu mgeni hupoteza upande. Mvua ikiwa imenyesha usiku, siafu huvuka njia kwa misururu, na hapo ndipo watoto hulia. Dawa ni suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi, na kutosimama ovyo kupiga picha kabla ya kutazama chini. Mbu wapo, wapakwe dawa kabla ya kuingia. Ukitokea upande wa kusini unakutana na mashamba ya mpunga ya Mabogini, yanayomwagiliwa na mradi uliojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Hapo mtoto wa mjini anaona kwa macho yake wali ulikotoka: jaruba linavyosawazishwa, miche inavyopandikizwa kwa kamba, na maji yanavyofunguliwa kwa zamu. Tembeeni juu ya kingo kwa mstari mmoja na msizikanyage pembeni. Kingo ikibomoka, maji ya mtu yanamwagikia kwa jirani, na ugomvi wake ni mkubwa.

Sasa chemchemi ya Chemka, ambako ndiko kila mtu anataka kwenda na ndiko kunakohitaji maneno mengi. Panda gari la Arusha au la Boma hadi Boma Ng'ombe, kisha chukua bajaji au bodaboda ya kwenda Chemka kupitia barabara ya Rundugai. Ni kilomita kumi na kitu, nyingi za vumbi, na mvua ikinyesha vumbi lile linakuwa tope linalonasa magari madogo. Patana bei ya kwenda na kurudi kwa pamoja, chukua namba ya simu ya dereva, na umlipe sehemu kubwa baada ya kurudishwa Boma. Wanaolipa yote mapema ndio huachwa kule jioni wakitafuta lifti ya pikipiki kwa bei mara mbili.

Maji ya Chemka si ya moto, ni ya uvuguvugu tu, ni safi, ya rangi ya buluu, yamezungukwa na mikuyu ambayo mizizi yake inaingia majini, na visamaki vidogo huja kudonoa miguu. Uzuri wake ndio hatari yake. Maji yakiwa maangavu namna ile, jicho linaona chini pako karibu. Kimaumbile maji huonyesha kina kama robo tatu tu ya kile kilichopo, hivyo mahali panapoonekana pa kumfikia mtu mzima kifuani panaweza kumfika puani. Mtoto anayejua kusimama tu, asiyejua kuogelea, anaruka akiamini atakanyaga chini, na hakanyagi. Tena hapigi kelele. Anayezama kwa kweli hana pumzi ya kupiga kelele. Kichwa kinarudi nyuma, mikono inapiga maji pembeni, na watu walioko kando wanadhani anacheza.

Kwa hiyo mtu mzima mmoja anayejua kuogelea asimamie watoto wawili, si zaidi, naye awe majini. Aliyekaa kwenye benchi na sahani ya nyama hasimamii mtu. Matairi ya kukodi yanasaidia kuelea lakini si ya kuokolea. Mtoto mwembamba huteleza katikati na tairi linabaki juu peke yake. Kama kuna jaketi la kuelea la kukodi au la kuazima, mvalishe hilo, ufunge mikanda yote hadi ule wa chini. Kamba ya kurukia ina sheria moja: iachwe ikiwa imefika katikati ya maji. Wanaoumia ni wanaoiachia mapema kwa woga wakaangukia mizizi, au wanaoshindwa kuiachia ikawarudisha ukingoni. Mikono iliyolowa haishiki kamba, ifute kwanza. Maji yanayotoka chemchemi yanasukuma kuelekea mkondo wa kutokea. Asiyejua kuogelea asiende upande huo, na hakuna sababu yoyote ya kufuata mkondo hadi sehemu ambazo chini hapaonekani. Pombe na Chemka haviendi pamoja, hili nalisema kwa uzito wote. Ndugu zetu wanapakia kreti kwenye gari tangu asubuhi, na saa tisa alasiri mtu aliyekunywa ndiye anayemfundisha mtoto kuruka.

Vitu vya kubeba ni vichache. Viatu vya yeboyebo kwa sababu mizizi inateleza na inachubua, kanga mbili za kubadilishia nguo, maji ya kunywa, na mfuko wa kitambaa wa nguo zilizolowa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na hata kama isingepigwa, ile inayopeperukia pale inaishia kwenye mizizi. Siku za kuepuka ni tarehe 26 Desemba na 1 Januari, na Jumapili zote mchana. Umati ukizidi, maji yanachafuka, chini hapaonekani tena, na mtu akipotea humwoni. Nenda katikati ya wiki, ufike kabla ya saa nne.

Materuni ni habari nyingine. Poromoko lake lina urefu wa mita 80 hivi na liko Uru, juu ya mji, kiasi kwamba gari la asubuhi kutoka Moshi linakufikisha kijijini mapema. Uliza stendi magari ya Uru yanayofika Materuni yenyewe, kwani mengine yanaishia njiani na hapo utapanda kilima kwa miguu kabla hata hujaanza. Kijijini mnajiandikisha, mnalipa, mnapewa mwenyeji wa kuwaongoza. Kutembea hadi kwenye maji ni dakika 45 kwa mtu mzima, saa nzima kwa watoto. Njia inapita kwenye vihamba, yaani mashamba ya familia, chini ya migomba na kahawa, mara nyingine kando ya mfongo. Hapa mzazi asikimbie. Mfongo ni mtaro uliochimbwa na wazee kwa majembe ya mkono, ukaletwa kwa kufuata mwinamo wa kilima bila kipimo cha kisasa, na hadi leo maji yake yanagawanywa kwa zamu za ukoo na kijiji. Mtoto aulizwe: maji haya yamepandaje upande huu wa kilima? Akigundua kwamba hayakupanda, kwamba yalichukuliwa juu zaidi na kuletwa taratibu, amejifunza uhandisi wa babu zake.

Viatu viwe vyenye meno. Raba laini za mjini huteleza kwenye udongo mwekundu uliolowa, na wanaoanguka huanguka wakati wa kurudi, kwenye mteremko, wakiwa wamechoka. Fimbo moja kwa kila mtu mzima inatosha. Karibu na poromoko kuna unyevu wa kudumu na mawe yana utelezi wa kijani; mtoto ashikwe mkono hata kama ana miaka kumi. Maji ni baridi kali. Dakika chache zinatosha, na asiwekwe mtu chini ya poromoko lenyewe kwa sababu mawe hudondoka pamoja na maji, hasa baada ya mvua. Tena mto wa mlimani unaweza kujaa wakati pale mlipo hakuna tone: mvua imenyesha juu. Dalili ni tatu, maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa, yanaanza kuleta majani na vijiti, na sauti inakuwa nzito. Ukiona moja wapo, ondokeni mtoni mara moja, msingoje ya pili.

Wenyeji wengi wa Materuni hukaribisha watu kuonyesha kahawa, nami nasema watoto wetu wanaihitaji shughuli hiyo kuliko mtalii yeyote. Matunda mekundu humenywa kwa mashine ya mkono, buni yenye utelezi ikalowekwa siku moja au mbili, ikaoshwa, ikaanikwa juu ya kichanja hadi ikauke. Ile ya kunywa nyumbani inatwangwa kwenye kinu kutoa ngozi, inapepetwa, inakaangwa chunguni huku ikikorogwa bila kupumzika, inatwangwa tena na kuchemshwa. Kosa la kawaida ni moto mkali: buni inaungua nje na kubaki mbichi ndani, kahawa inakuwa chungu bila harufu. Mashamba haya ndiyo yaliyosomesha kizazi kizima. Chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilianza 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika wa wakulima hao, ikazaliwa 1933. Jengo lake liko mjini Moshi na linapitwa kila siku na watu wasiojua kwamba lilijengwa kwa buni za bibi zao.

Ukitaka chakula cha kienyeji kijijini, agiza kabla hamjapanda. Machalari ya kuku wa kienyeji au mtori mzuri havipikwi kwa nusu saa, na kusubiri na watoto wenye njaa kunaharibu siku yote.

Marangu wengi wanaijua kwa sababu ya lango la kupandia mlima, basi nitaenda upesi. Magari ya Marangu Mtoni yanapita Himo. Kutoka Mtoni unatembea hadi Kinukamori, maporomoko madogo kuliko Materuni lakini yenye ngazi, yanayofaa watu wazima wenye magoti mabovu. Kilasiya na Ndoro yanahitaji kutembea zaidi au kukodi bodaboda. Kuna pia mahandaki ambayo Wachaga walijificha na mifugo yao wakati wa vita. Dari ni fupi, hewa ni nzito, kwa hiyo mwenye pumu au anayeogopa sehemu finyu abaki nje na asilazimishwe na ndugu. Tochi ya kweli ni bora kuliko ya simu, mkono mmoja uwe huru kushika ukuta.

Kijana mwenye nguvu anaweza kutoka lango la Marangu, lililo karibu mita 1,870 juu ya usawa wa bahari, akapanda hadi kambi ya Mandara, mita 2,720, na kurudi siku hiyo hiyo. Ni kama kilomita nane kwenda, saa tatu za kupanda na mbili za kuteremka, yote ndani ya msitu. Akiwa na nguvu zaidi, kreta ya Maundi iko mwendo mfupi kutoka Mandara na siku isiyo na mawingu inaonyesha tambarare hadi Kenya. Kinachowakwamisha wengi ni getini. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu, lazima yapite kwa namba ya malipo au kadi, na bei ya Mtanzania inahitaji kitambulisho cha taifa. Watu wanatoka Dar na familia nzima, vitambulisho vimebaki kabatini. Ulizia siku moja kabla utaratibu wa mwongozaji, na maji yabebwe kwenye chupa ya kudumu, zile za kutumia mara moja haziruhusiwi mlimani.

Kama kuna sehemu moja ambayo ningewaomba wazazi wasiikose hata kama watakosa nyingine zote, ni Old Moshi, Tsuduni. Hakuna maji ya kuogelea wala kamba ya kurukia. Kuna mti, na chini yake kumbukumbu ya Mangi Meli. Alirithi utawala kwa baba yake, Mangi Rindi, aliyefariki 1891. Mwaka 1892 wapiganaji wake waliwashinda askari wa Kijerumani, na mwaka uliofuata Wajerumani wakarudi na jeshi kubwa zaidi na kumshinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga hapo pamoja na viongozi wenzake. Kichwa chake kinaaminika kuchukuliwa na kupelekwa Ujerumani, na familia yake bado inakitafuta. Haya yametokea mwendo mfupi wa daladala kutoka stendi kuu, kupitia Kiboriloni, na tuna vijana wa chuo waliozaliwa Moshi wasioyajua. Ukifika, anzia kwa uongozi wa kijiji, omba mzee wa kusimulia, mpe asante yake bila kungoja aombe. Mavazi yawe ya heshima, muziki wa gari uzimwe. Mtoto wa miaka minane anaelewa habari hii vizuri kabisa akielezwa polepole.

Mjini penyewe nusu siku inatosha. Stesheni ya reli inafaa kuonwa: reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi 1911, ikaendelea hadi Arusha 1929. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi Moshi Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya ukimya, na Arusha mwaka uliofuata. Mwenye muda anaweza kuwaleta watoto kwa treni yenyewe, ila aulizie stesheni kwanza kama inatembea, kwa kuwa mvua kubwa huharibu njia. Baada ya hapo Soko Kuu kwa ndizi: mtoto aambiwe atofautishe mshare na ndizi ng'ombe kwa kushika. Na akumbushwe kwamba Moshi kutupa taka chini kuna faini. Usafi wa mji huu ni jambo la kujivunia, nasi wenyeji tuwaambie wageni mapema, wasije wakakasirikiana na mgambo.

Wanaopenda kuvuka hadi Arusha, siku moja ipangwe hivi. Kosta ya asubuhi kutoka Moshi, lakini shukeni Tengeru kabla ya kufika mjini. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko kubwa, na ni soko la kweli, la vyakula, mitumba na vyombo. Kutoka barabara kuu mnatembea hadi Ziwa Duluti, ziwa la kreta lililozungukwa na msitu, nalo pia liko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Njia ya kulizunguka ni fupi, ila baada ya mvua mizizi inateleza, na kenge wakubwa hujianika kando ya maji. Hawana shida wasipochokozwa. Kuogelea hapana. Karibu na hapo kuna makaburi ya Wapolandi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia maelfu ya wakimbizi kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto, walihifadhiwa Tengeru, na zaidi ya mia moja wamezikwa hapo. Ni vizuri mtoto wa Kiafrika ajue kwamba Tanganyika iliwahi kuwapokea wakimbizi kutoka Ulaya.

Arusha mjini, Makumbusho ya Azimio la Arusha yako jirani na Mnara wa Mwenge, na Azimio lenyewe lilitangazwa 5 Februari 1967. Kutoka hapo unatembea kwa miguu hadi Mnara wa Saa na kisha Boma ya Wajerumani ya mwaka 1900, ambayo sasa ni makumbusho ya viumbe. Muwe stendi saa kumi jioni. Msimu wa sikukuu magari ya kurudi Moshi hujaa mapema na wapiga debe hupandisha nauli kwa mdomo. Nauli halali imebandikwa, na abiria ana haki ya kuisoma kabla ya kutoa pesa.

Ziwa Chala, Rombo, ni zuri mno kwa macho: kreta yenye kuta za mwinamo mkali, maji yanayobadilika rangi, mpaka wa Kenya ukipita katikati ya ziwa. Nendeni mkaone kutoka juu. Msiogelee, hata mkiona mtu anaogelea. Mwaka 2002 msichana Mwingereza aliuawa na mamba upande wa Kenya, na hakuna anayeweza kumhakikishia mzazi kwamba ziwa lile ni salama.

Kuhusu gharama, siri ni kuuliza mambo manne kabla ya kukubali lolote: kiingilio cha mwenyeji ni kiasi gani, mwongozaji analipwa kwa kichwa au kwa kundi, watoto wanaanza kulipa umri gani, na risiti inatolewa na nani. Mwongozaji apatanwe kwa kundi. Familia ya watu wanane inayolipa kwa kundi hutumia kidogo kuliko inavyotumia kwenye baa alasiri moja. Bebeni noti ndogo, chenji vijijini ni shida na mtandao wa simu hukatika kwenye mabonde. Anayedai pesa njiani bila kitambulisho wala risiti, mjibuni kwa upole kwamba mtalipa ofisini, kisha muendelee. Vijana hao wana njaa ya kazi, na wengi wangekuwa waongozaji wazuri kama vijiji vingewaandikisha, vikawapa vitambulisho na kuwapanga zamu.

Na hapo nazigeukia serikali za vijiji na halmashauri zetu. Kwenye kila lango liwekwe bango la Kiswahili lenye bei ya mwenyeji, jina la ofisi inayopokea, na saa za kufungua na kufunga. Chemka iwekwe nguzo zenye alama za kina, kamba ya kuelea inayotenga upande wa wasiojua kuogelea, na vijana wawili wenye mafunzo ya uokoaji kila siku ya msimu, walipwe kutokana na kiingilio kile kile. Na orodha ya bei na ya magari ibandikwe stendi kuu ya Moshi, Himo na Boma Ng'ombe kabla ya tarehe 15 Desemba, wageni waikute wakati wanashuka kwenye basi.

Mkazi wa Majengo,
Moshi